Dai la meli isiyo na upande iliyokamatwa vitani: namna ya kuliendesha kidiplomasia, kwa kufuata kisa cha Bundesrath

Mwishoni mwa Desemba 1899 manowari ya Kiingereza Magicienne iliikamata meli ya posta ya Kijerumani Bundesrath karibu na Ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, na kuipeleka Durban. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimeanza Oktoba, na Ujerumani haikuwa na upande. Siku chache baadaye meli nyingine mbili za kampuni ileile, Deutsche Ost-Afrika-Linie, zikazuiwa: Herzog ikapelekwa Durban, General ikashikiliwa Aden. Hizo ndizo meli zilizounganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na bandari za kusini. Tarehe 18 Januari 1900 Bundesrath iliachiwa bila kufikishwa mahakamani, kwa kuwa shehena ilipopekuliwa hakikuonekana kitu cha vita, na Uingereza ikakubali kulipa fidia.

Kisa hiki kinamfaa afisa sheria wa wizara, konsuli, wakala wa meli au mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa kuliko visa vingi maarufu zaidi. Meli tatu za mmiliki mmoja zilishukiwa kosa moja, lakini kila moja ilizua swali lake. Tutakifuata hatua kwa hatua, tukiweka pembeni yake sheria za leo.

Kwanza, tenganisha maswali matatu

Dai nyingi huharibika siku ya kwanza kwa sababu nchi inalalamika kwa jumla kwamba "uhuru wa bahari umevunjwa". Malalamiko ya namna hiyo hayajibiki, na upande wa pili hufurahi kuyapokea. Kuna haki tatu tofauti, na kila moja ina kipimo chake.

Ya kwanza ni haki ya kusimamisha na kupekua. Nchi iliyo vitani inayo, mradi iwe na sababu ya maana ya kushuku. Hata zama hizi imekubaliwa: Januari 1986 Iran ilipoisimamisha meli ya Kiingereza Barber Perseus wakati wa vita vyake na Iraq, serikali ya Uingereza haikukana haki hiyo. Ukianza kwa kubisha hapa, utapoteza muda.

Ya pili ni haki ya kuipeleka meli bandarini na kuishikilia. Hapa ndipo dai nyingi hushinda. Sababu ya kusimamisha inaweza kuwa dhaifu kiasi, lakini kuigeuza meli njia, kushusha shehena na kuwaweka abiria wiki nzima kunahitaji msingi mzito zaidi. Kuhusu Bundesrath, taarifa iliyotoka Aden kabla ya meli kukamatwa ilisema kwamba risasi zilishukiwa lakini hazikuthibitishwa, na kwamba baadhi ya abiria walidhaniwa wanakwenda kupigana. Huo ndio uliokuwa msingi wote. Unapoandaa dai, tafuta taarifa ya kwanza iliyosababisha ukamataji, kisha omba kwa maandishi uoneshwe. Pengo kati ya "imeshukiwa" na "imethibitishwa" lina thamani kubwa kuliko kurasa kumi za nadharia.

Ya tatu ni haki ya kutaifisha meli au shehena. Hii ni kazi ya mahakama ya ngawira ya baharini peke yake, yaani mahakama ya nchi ya mkamataji inayoamua kama meli au mzigo uliokamatwa vitani utachukuliwa. Amiri wa manowari hana mamlaka hayo, wala waziri. Meli isipofikishwa mahakamani na wala isiachiwe, dai lako limepata nguvu mpya: ucheleweshaji wenyewe ni kosa.

Sasa ziangalie meli tatu. Bundesrath ilihusu swali la pili: je, tetesi zinatosha kuishikilia meli ya posta kwa takriban wiki tatu? Herzog, iliyobeba pia watu wa huduma za Msalaba Mwekundu, ilihusu abiria. General ilihusu umbali. Aden iko maelfu ya kilomita kutoka uwanja wa vita, na Wajerumani waliuliza kwa haki kabisa ni kitu gani kinachompa mtu ruhusa ya kushusha shehena ya meli isiyo na upande mbali kiasi hicho. Uingereza ilikubali kutosimamisha tena meli Aden wala mahali pengine penye umbali kama huo. Ushindi huo ulitokana na hoja finyu iliyoelekezwa kwenye meli moja. Ingechanganywa na malalamiko mengine, ingezama.

Siku tatu za kwanza ni za makaratasi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa meli iliyokamatwa msemo huu ni sheria kamili. Wakala apate nakala kutoka kwa nahodha au ofisi ya mmiliki mara tu habari inapofika, kabla mawasiliano ya meli hayajakatwa.

Zinazotakiwa ni hati ya usajili, orodha ya mabaharia na ya abiria, manifesti, hati zote za shehena (si zile zinazopendeza tu), mkataba wa kukodi meli kama upo, daftari la safari, na mpango wa upangaji wa shehena. Huu wa mwisho husahaulika sana. Mkamataji hudai kila mara kwamba ilimbidi kuipeleka meli bandarini kwa sababu mizigo iliyoshukiwa ilikuwa chini kabisa na haikuweza kufikiwa baharini. Mpango wa upangaji ndio unaoonesha kama ni kweli. Kama makasha yaliyotajwa yalikuwa juu, karibu na mlango wa ngama (tumbo la meli linalowekwa mizigo), upekuzi wa saa chache ungetosha, na gharama yote ya bandari inamhusu aliyekamata.

Nahodha aandike katika daftari saa ya kusimamishwa (taja kama ni saa za dunia au za mahali), nyuzi za latitudo na longitudo, jina na namba ya manowari, idadi ya walioingia, sababu waliyoitamka kwa maneno yao wenyewe, na kila kitu walichochukua. Aombe stakabadhi, akinyimwa, aandike kwamba ameomba na kunyimwa.

Kinasa cha data za safari kihifadhiwe mara moja. Vinasa vya zamani hutunza saa 12 tu kisha hujifuta vyenyewe. Vile vilivyofungwa tangu Julai 2014 hutunza saa 48 katika kasha la dharura na siku 30 katika hifadhi ya ndani. Dai zimepoteza ushahidi wa mahali meli ilipokuwa kwa sababu tu hakuna aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kama mkamataji anachukua kifaa chenyewe, daftari lioneshe.

Mambo mawili nahodha asiyafanye kabisa. Asichome, asitupe wala asifiche karatasi yoyote, hata kama anadhani inamtia hatiani. Mwongozo wa San Remo wa 1994 kuhusu sheria za vita vya baharini, ambao si mkataba lakini wanasheria wa majeshi ya majini huutumia, unaitaja meli yenye hati za uongo, au iliyoharibu au kuficha hati, kuwa inaweza kukamatwa kwa sababu hiyo pekee. Meli iliyokuwa safi inageuka kuwa na hatia kwa dakika moja ya woga.

Pili, asitie sahihi maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa, na hasa asikubali maneno yanayoligeuza tukio kuwa kosa la forodha. Sababu yake iko kwenye bima. Masharti ya kawaida ya bima ya hatari za vita kwa meli hulipa kwa kukamatwa na kuzuiwa, ila huondoa uzuiaji unaotokana na kuvunja kanuni za forodha au za biashara. Wakamataji wanalijua hilo. Akilazimishwa kutia sahihi, aongeze kwa mkono wake: "Nimepokea tu, sikubali yaliyomo."

Nani mwenye dai?

Dai la kidiplomasia ni la nchi ya bendera. Katika kesi ya meli ya mafuta Saiga, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilisema mwaka 1999 kwamba meli huhesabiwa kitu kimoja pamoja na mabaharia, shehena na kila aliyehusika nayo, bila kujali uraia wao. Saint Vincent na Grenadines, nchi ndogo ya visiwa, iliidai Guinea na ikapewa dola za Marekani 2,123,357 pamoja na riba. Ile haikuwa kesi ya vita, lakini kanuni hiyo inafaa hapa moja kwa moja.

Guinea ilijaribu kuponyokea kwenye usajili. Cheti cha muda cha Saiga kilikuwa kimekwisha tarehe 12 Septemba 1997, meli ikakamatwa Oktoba 28, na cheti cha kudumu kikatolewa Novemba 28. Mahakama haikukubali hoja hiyo, lakini iligharimu kurasa nyingi na ingeweza kwenda vibaya. Kwa nchi zenye sajili iliyo wazi kwa meli za kigeni, kama ile ya Zanzibar, hili ni jambo la kila siku. Kabla wizara haijaandika chochote, ofisi ya usajili ithibitishe kwa maandishi kwamba siku ya kukamatwa cheti kilikuwa hai. Kama meli haikuwa tena kwenye daftari na bado inapeperusha bendera, afadhali kunyamaza kuliko kudai meli isiyo yako.

Baharia Mtanzania au Mkenya aliyeko kwenye meli ya Panama hajaachwa peke yake. Nchi ya bendera inaweza kumdai, na nchi yake ya uraia inaweza pia. Ubalozi usikubali kuambiwa "hii ni meli ya Panama, haiwahusu". Usidai meli; dai kumwona mtu wako, afya yake, mshahara wake na kurudi kwake nyumbani.

Kuandika noti

Noti ni barua rasmi ya serikali kwa serikali. Ya kwanza iwe fupi, kurasa mbili hivi. Ianze na ukweli usiobishaniwa: jina la meli, bendera, safari, mahali na saa. Ifuate kukataa msingi wa kukamatwa, kwa maneno mafinyu. Kisha maombi kwa mpangilio wa kushuka: meli iachiwe mara moja; kama haiachiwi, sababu zitolewe kwa maandishi na mahakama ya ngawira iketi bila kuchelewa; wakati huohuo konsuli awaone mabaharia, barua na abiria wapelekwe waendako, na shehena inayoharibika itunzwe. Mwisho, haki ya kudai fidia ihifadhiwe waziwazi. Ukiisahau sentensi hiyo, kuachiwa kwa meli kutasomwa kama mwisho wa shauri.

Balozi wa Ujerumani London, Hatzfeldt, alimpelekea Lord Salisbury, waziri mkuu aliyeshika pia mambo ya nje, noti zenye ukali uliomuudhi Salisbury. Ukali haukuiharakisha Durban hata kidogo. Kilichoiachilia meli ni shehena iliyopekuliwa ikakutwa haina kitu. Andika noti ambayo hutaionea haya ikichapishwa, kwa sababu itachapishwa.

Amua mapema pia kama serikali inataka suluhisho au inataka kelele. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Tarehe 19 Januari 1900, siku moja baada ya meli kuachiwa, Bülow, waziri wa mambo ya nje, alilihutubia bunge la Ujerumani kuhusu ukamataji huu, na hasira ya umma ikasaidia kupitishwa kwa sheria ya pili ya jeshi la majini mwezi Juni. Meli za kivita zilipatikana. Swali la sheria lililoanzisha mgogoro halikupata jibu kati ya nchi hizo mbili.

Swali lenyewe: bandari isiyo na upande

Makaburu hawakuwa na pwani. Delagoa ilikuwa ya Wareno, nchi isiyo na upande, kwa hiyo Waingereza hawakuweza kuifunga kwa mzingiro. Lakini tangu 1895 reli ilitoka pale hadi Pretoria. Wajerumani walisema: meli inatoka bandari isiyo na upande kwenda bandari isiyo na upande, basi hakuwezi kuwa na magendo ya vita (mizigo ya kumsaidia adui kupigana) ndani yake. Waingereza wakajibu kwamba kinachohesabiwa ni mwisho wa safari ya mzigo, na kituo cha meli hakimalizi jambo.

Angalia jinsi kila upande ulivyotafuta silaha ndani ya nyumba ya mwenzake. Wajerumani walinukuu mwongozo wa sheria ya ngawira wa jeshi la majini la Uingereza wenyewe, wa 1888, uliosema kwamba mwisho wa safari ya meli ndio unaoamua. Salisbury alijibu kwamba kitabu kile ni maelekezo kwa maofisa, hakimalizi sheria yote, kisha akamnukuu Bluntschli, mwanasheria aliyeheshimika Ujerumani, aliyeunga mkono fikra ya safari inayoendelea, yaani kwamba mzigo huhesabiwa uko safarini hadi unakoishia. Fanya hivyohivyo. Kabla ya kutafuta kesi za kimataifa, soma miongozo ya kijeshi, matamko na noti za zamani za nchi unayoidai. Nchi hujibu kesi ya mahakama ya mbali kwa wepesi. Maneno yake yenyewe huipa kazi.

Kwa maoni yetu Ujerumani ilikuwa na haki juu ya meli lakini ilikosea juu ya kanuni. Azimio la London la 1909, ambalo halikuridhiwa lakini linaonesha mawazo ya wakati ule, lilikubali kwamba silaha hasa zinaweza kukamatwa hata zikishushwa njiani na kumaliziwa kwa nchi kavu. Kwa bidhaa zenye matumizi mawili lilikataa, isipokuwa pale adui asipokuwa na pwani, na katika vita vilivyokuwa vimepita karibuni Makaburu ndio waliokuwa hivyo. Siku hizi San Remo inatazama mzigo unaishia wapi. Kwa hiyo usijenge dai lote juu ya "bandari haina upande". Lijenge juu ya ushahidi wa mpokeaji.

Hapo ndipo hati za shehena zinapoamua. Hati isiyotaja mpokeaji, iliyoandikwa "kwa amri" tu, inaalika shaka. Meli ya Kiingereza Springbok, iliyokamatwa 1863 ikienda Nassau wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliachiwa, lakini shehena yake ilitaifishwa, na hati zilizoficha wenye mali zilikuwa sehemu ya sababu. Kama hati zako ziko hivyo, ambatisha haraka mkataba wa mauzo, malipo ya benki na barua ya mpokeaji. Na kama safari bado haijaanza, omba pande zilizo vitani cheti cha ukaguzi bandarini mwa kuondokea; utaratibu huo ulitumika sana katika vita vyote viwili vya dunia.

Chakula na barua

Mwezi huohuo wa Desemba 1899 unga wa Marekani uliokuwa ukienda Delagoa ulizuiwa, baadhi yake ndani ya meli Mashona, na Marekani ikaudai. Salisbury alitoa kauli ambayo bado ni ya kukatwa na kuwekwa kwenye faili: chakula kinachokwenda kwa adui ni magendo pale tu kinapokuwa ni cha majeshi yake, haitoshi kwamba kinaweza kutumiwa hivyo, lazima ioneshwe kwamba ndiko kilikokuwa kikienda wakati wa kukamatwa. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mkamataji. Kama shehena yako ni ngano, mchele au dawa, anza na kauli hii, kisha ongeza San Remo, inayotaka orodha ya magendo iwe imetangazwa na inayoacha huru dawa na vyakula vya lazima vya raia. Omba orodha hiyo. Mara nyingi haipo, au imetangazwa baada ya meli kukamatwa.

Kuhusu barua, mkataba wa kumi na moja wa Hague wa 1907 unazilinda barua zenyewe, na unataka meli ya posta ipekuliwe pale tu inapokuwa lazima kabisa, kwa uangalifu na haraka. Meli yenyewe haina kinga.

Mahakama gani?

Nenda kwanza kwenye mahakama ya ngawira ya mkamataji, hata kama huiamini. Wenye meli na shehena wakiacha rufaa, wataambiwa hawakumaliza njia za ndani, na dai la nchi litadhoofika. Kwenye Mahakama ya Sheria ya Bahari, kuachiliwa haraka kwa kifungu cha 292 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari kunahusu uvuvi na uchafuzi, hakufiki huku. Na nchi nyingi zimejiondoa kwa kifungu cha 298 katika migogoro ya shughuli za kijeshi. Angalia tamko la mpinzani kabla ya kumwahidi waziri kesi.

Njia nzuri zaidi ni makubaliano ya usuluhishi. Januari 1912 Italia, ikipigana na Uturuki, ilizikamata meli za Ufaransa Carthage na Manouba na kuzipeleka Cagliari. Ya kwanza ilikuwa na ndege (eropleni), ya pili abiria wa Hilali Nyekundu ya Kituruki. Mwezi uleule nchi hizo zilikubaliana kwenda Hague, na hukumu ikatoka 6 Mei 1913. Wasuluhishi walimpa Mfaransa fedha kwa hasara za watu binafsi, lakini walikataa fidia ya heshima ya bendera, wakisema kutamka kwamba kosa limetendeka ni adhabu tosha. Kwa hiyo usiweke kiasi kikubwa kwenye heshima. Omba tamko, na peleka hesabu kwenye hasara.

Hesabu

Orodhesha kila siku ya kuzuiliwa: kodi ya meli iliyopotea kwa bei ya soko ya siku hiyo, mafuta, mishahara, ada za bandari, kushusha na kupakia upya, shehena iliyoharibika, gharama za abiria, riba. Kila mstari uwe na risiti. Kiasi cha kukadiria kikiingia kati, mpinzani atakishika hicho na kutilia shaka vingine vyote.

Upande wa bima, masharti ya kawaida huhesabu meli kuwa imepotea kabisa ikizuiliwa miezi 12. Mikataba mingi hupunguza kuwa 6. Siku inahesabiwa tangu kukamatwa, kwa hiyo tarehe iliyoko kwenye daftari la nahodha ni ya fedha. Taarifa ya kuiachia kampuni ya bima meli ipelekwe kwa wakati, na wizara ijulishwe, maana baada ya malipo kampuni ya bima ndiyo inayofaidika na dai na itataka sauti.

Malipo yanapopatikana, mkamataji atataka kuandika kwamba analipa "kwa hiari, bila kukubali kosa". Kwa mwenye meli hilo linaweza kutosha. Kwa nchi ya bendera, dai sentensi moja ya nyongeza: kwamba kupokea fedha hakubadili msimamo wake juu ya uhalali wa ukamataji. Wakikataa kuiweka ndani ya makubaliano, itumwe kama noti siku ileile ya kutia sahihi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.